Mkataba wa Msovero Mbele ya Darasa: Nyaraka za Kidijitali na Somo la Historia

Katika mijadala ya umma nchini Tanzania, jina la Mangungo wa Msovero limekwisha kuwa alama ya kiongozi anayetia saini jambo asilolielewa, na kila unapozuka ubishi kuhusu mkataba wa madini, gesi au bandari, jina hilo hurudi bungeni, magazetini na vijiweni likiwa hukumu iliyokwisha kutolewa. Hukumu hiyo yaweza kuwa ya haki au isiwe ya haki, lakini mfumo wa elimu unaruhusu itolewe bila ushahidi, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kulijibu swali linalomhusu Karl Peters, Mjerumani aliyefunga mkataba na Mangungo, na kupata alama zote bila kuonyeshwa mstari mmoja wa waraka anaouzungumzia. Zamani hali hiyo ilikuwa na udhuru, maana nyaraka za aina hiyo zilifungiwa katika makabati ya Ulaya au katika vyumba vya watafiti wenye vibali. Leo sehemu kubwa ya udhuru huo imeondoka, kwa sababu nyaraka nyingi zimewekwa mtandaoni na mwalimu mwenye simu anaweza kuzifikia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nyaraka hizo zitalibadilisha somo la historia pale tu zitakapotumiwa kumfundisha mwanafunzi namna ya kuuhoji waraka, na pale mtihani wa taifa utakapoanza kuupima uwezo huo. Bila mambo hayo mawili, picha ya waraka wa kale haitakuwa zaidi ya pambo la kitabu cha kiada.

Waraka wa kihistoria ni andiko, picha, ramani au rekodi ya sauti iliyotokana na wakati unaochunguzwa, na wanahistoria huuita chanzo cha msingi ili kuutofautisha na kitabu cha kiada, ambacho ni chanzo cha upili kwa kuwa kinasimulia mambo yaliyokwisha kuchujwa na waandishi wengine. Taasisi inayotunza nyaraka za aina hiyo huitwa makavazi, na katika Afrika Mashariki taasisi hizo ni pamoja na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iliyoko Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa za Zanzibar zilizoko Kilimani, na Makavazi ya Taifa ya Kenya yaliyomo katika jengo la zamani la benki katikati ya jiji la Nairobi. Kuziweka nyaraka katika mfumo wa kidijitali ni kuzipiga picha au kuziskani ukurasa kwa ukurasa, kisha kuziandalia orodha na maelezo ili ziweze kutafutwa na kusomwa kwa kompyuta au simu. Kazi hiyo imefanyika kwa wingi katika miongo miwili iliyopita: makavazi ya shirikisho la Ujerumani, yaitwayo Bundesarchiv, yameweka mtandaoni mafaili ya iliyokuwa Wizara ya Makoloni, yakiwemo yanayohusu Afrika Mashariki ya Kijerumani, chuo cha SOAS cha London kimeweka miswada ya Kiswahili, na Northwestern University ya Marekani imeweka mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya mwaka 1860 na 1960.

Mkataba wa Msovero wenyewe, ambao maandishi yake yamechapishwa na kutafsiriwa mara nyingi, ni mfano mzuri wa kile ambacho ukurasa mmoja unaweza kukifanya darasani. Uliandikwa tarehe 29 Novemba 1884 kwa lugha ya Kijerumani, na ndani yake Mangungo anaitwa Sultani wa Msovero katika Usagara, naye anamkabidhi Peters, mwakilishi wa jumuiya ya ukoloni wa Kijerumani, nchi yake pamoja na haki zote zinazoambatana nayo. Waraka unadai kwamba mkalimani aliyeitwa Ramazan alimweleza Mangungo yaliyomo kwa uwazi, na kwamba Mangungo, alipoulizwa moja kwa moja, alijibu kuwa hakuwa chini ya Sultani wa Zanzibar na kwamba hakujua hata kama sultani huyo yupo. Upande wa Peters uliweka saini, na Mangungo aliweka alama tu.

Mwanafunzi anayepewa ukurasa huo na kuambiwa aulize kabla ya kuamini ataanza na mwandishi na msomaji wake. Atagundua kwamba Mangungo hakuwa msomaji aliyekusudiwa, kwa sababu andiko lilikuwa katika lugha ambayo hakuna dalili kwamba aliifahamu. Waliokusudiwa walikuwa wakubwa wa Berlin, ambao walipaswa kuridhishwa kwamba kijana mmoja asiye na cheo chochote cha serikali alikuwa amepata nchi kwa njia halali. Kisha atafika kwenye sentensi inayoitaja Zanzibar, na hapo mwalimu atamwekea mezani ramani inayoonyesha kwamba Usagara ilipitiwa na njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, njia ambayo wafanyabiashara wa pwani na Zanzibar walikuwa wameitumia kwa miongo mingi. Kwamba kiongozi wa eneo la namna hiyo hakuwahi kusikia habari za Sultani wa Zanzibar ni dai gumu kuaminika, na ugumu huo ndio unaofundisha, kwa kuwa unamlazimisha mwanafunzi kuuliza sentensi hiyo iliwekwa pale kwa faida ya nani. Jibu linapatikana ndani ya siasa za wakati huo: Sultani Barghash wa Zanzibar alidai mamlaka juu ya bara, na Peters alihitaji andiko litakalomjibu kabla hajalalamika.

Thamani ya mkataba huo huongezeka unapowekwa pamoja na nyaraka nyingine za kipindi hicho. Mkutano wa Berlin ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa tarehe 26 Februari 1885, maana yake Peters alikuwa Usagara wakati mkutano ukiendelea, na mwanafunzi aliyezoea kufikiri kwamba Afrika iligawanywa kwanza Berlin ndipo Wazungu wakaja kuichukua atalazimika kuupanga upya mtiririko wa matukio. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa, Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi iliyoyatambua maeneo ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Mwezi Aprili Barghash alimpelekea Kaisari simu ya maandishi akipinga kuchukuliwa kwa nchi alizodai kuwa zake, na mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Zanzibar mpaka akakubali. Waraka wa nne ni kitabu cha Peters mwenyewe kilichochapishwa mwaka 1906, zaidi ya miaka ishirini baadaye, ambamo anaeleza kwa majivuno jinsi viongozi walivyopewa kinywaji na zawadi, jinsi bendera zilivyopandishwa na jinsi maandishi ya Kijerumani yalivyosomwa kwa sauti, kisha bunduki zikafyatuliwa mara tatu.

Darasa lililozisoma nyaraka hizo nne laweza bado kuhitimisha kwamba Mangungo alidanganywa, lakini laweza pia kutetea msimamo kwamba alichokubali yeye ni urafiki na mgeni, au kwamba kilichoamua hatima ya Usagara hakikuwa alama ya mtu mmoja bali ni hati ya ulinzi ya Kaisari na mizinga ya manowari. Misimamo yote mitatu inaweza kujengewa hoja, na hakuna hata mmoja unaoweza kutetewa kwa kukariri tu. Zaidi ya hayo, lawama inahamia kwa wale walioandaa karatasi na wale walioipa nguvu, jambo ambalo lina manufaa hata katika mijadala ya leo ya mikataba, ambamo swali la nani aliandika kifungu na kwa faida ya nani lina uzito kuliko swali la nani alitia saini.

Ujuzi huo haupatikani kwa kukaa tu mbele ya waraka. Mwaka 1991 mtafiti wa Marekani Sam Wineburg alichapisha utafiti uliolinganisha wanahistoria na wanafunzi wa sekondari waliopewa nyaraka zilezile, na akaonyesha kwamba wanahistoria walitazama kwanza nani ameandika, lini na kwa nani, ilhali wanafunzi waliusoma kila waraka kama kitabu cha kiada, wakitafuta habari ndani yake pasipo kujali ulikotoka. Alizitenga hatua tatu ambazo wanahistoria huzifuata: kuchunguza asili ya waraka, kuuweka katika mazingira ya wakati wake, na kuulinganisha na nyaraka nyingine. Baadaye hatua hizo ziligeuzwa kuwa masomo yanayotumiwa na walimu bure mtandaoni, na makavazi ya taifa ya Marekani yalianzisha mwaka 2010 tovuti ya DocsTeach, ambayo humpa mwalimu nyaraka zilizokwisha kuchaguliwa pamoja na zana za kutengenezea kazi za darasani. Kinachofaa kuigwa ni wazo kwamba makavazi yana wajibu wa kumchagulia na kumwandalia mwalimu, kwa sababu mwalimu mwenye vipindi vingi kwa wiki hawezi kupekua maelfu ya mafaili ili apate kurasa tano.

Hata hivyo, karatasi ina upendeleo wake, kwani humhifadhi aliyekuwa na kalamu na ofisi. Vita vya Maji Maji vinalidhihirisha jambo hilo. Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Kijerumani wakati vita hivyo dhidi ya utawala wake vilipoanza mwaka 1905, alichapisha mwaka 1909 kitabu kinachoeleza vita hivyo kwa macho ya serikali yake, na mafaili ya kikoloni yaliyobaki kwa kiasi kikubwa yanazungumza kwa sauti hiyohiyo. Upande wa pili ulipatikana kwa njia ya mdomo, pale wanafunzi na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Gilbert Gwassa na John Iliffe wakiwa miongoni mwao, walipowahoji mwishoni mwa miaka ya 1960 wazee wa maeneo yaliyopigana, na baadhi ya simulizi na kumbukumbu hizo zikachapishwa mwaka 1968. Tofauti ya vyanzo inaonekana hata katika idadi ya waliokufa, ambayo takwimu za Kijerumani ziliikadiria kuwa 75,000, ilhali Gwassa aliiweka kati ya 250,000 na 300,000. Mwalimu anayeziandika namba zote mbili ubaoni na kuuliza kila moja ilihesabuje, na kama waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa walihesabiwa, anafundisha historia kwa undani ambao namba moja ya kukariri haiwezi kuufikia.

Upo pia ukimya wa kutengenezwa, yaani pengo katika nyaraka lililowekwa kwa makusudi, na historia ya Kenya inatoa mfano wake ulio wazi zaidi. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, maofisa wa Uingereza waliyapanga mafaili katika makundi, wakayachoma mengi na kuyasafirisha mengine London, na kazi ya kuyachambua yale ya siri iliwekewa sharti la kufanywa na raia wa Uingereza wenye asili ya Ulaya. Mafaili yaliyosafirishwa yalikaa mafichoni katika jengo la serikali la Hanslope Park hadi mwaka 2011, wakati kesi iliyofunguliwa na wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za wakati wa uasi wa Mau Mau dhidi ya Waingereza ilipoilazimisha serikali ya Uingereza kukiri kwamba ilikuwa nayo, yakiwa takriban 1,500 ya Kenya kati ya 8,800 yaliyotoka katika makoloni 37. Mwezi Juni 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa waathirika 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kwa mwanafunzi, funzo ni kwamba makavazi hayahifadhi yote yaliyotokea bali yale yaliyonusurika, na kwamba orodha ya mafaili yaliyochomwa nayo ni ushahidi wa kile ambacho wachomaji walikihofia.

Vijana wa Kenya wameonyesha namna pengo hilo linavyoweza kuzibwa kwa sehemu. Taasisi ya African Digital Heritage, iliyoanzishwa na Chao Tayiana Maina, ikishirikiana na Museum of British Colonialism, imekusanya simulizi za waliofungwa na kutengeneza kwa kompyuta mifano ya baadhi ya kambi hizo. Miongoni mwa kambi zilizochunguzwa ni za Mweru na Aguthi katika eneo la Nyeri, ambazo baada ya uhuru ziligeuka kuwa shule za sekondari. Shule inayosimama mahali pa namna hiyo haina haja ya kusafirisha wanafunzi kwenda kuutafuta ushahidi, kwani ushahidi umo katika kuta za majengo yake, na waraka wa kidijitali unachofanya ni kuwapa wanafunzi macho ya kuuona.

Tahadhari hiyohiyo ya kuhoji nani ameandika na nani amenyamaziwa inahitajika pia kwa picha, ambazo kwa wepesi wake wa kuvutia ndizo zinazoingia darasani mapema kuliko maandishi. Kila picha mtandaoni huambatana na metadata, yaani taarifa zinazoeleza mpigaji, mahali, tarehe na kilichomo, na katika mikusanyo ya kikoloni taarifa hizo mara nyingi ziliandikwa na mpiga picha au mmiliki wake. Ndiyo maana gavana ana jina na cheo, ilhali mpagazi aliyesimama kando yake huitwa mpagazi tu, au hatajwi kabisa. Mwalimu anaweza kulitumia pengo hilo kwa kuwaagiza wanafunzi waandike maelezo mapya ya picha, wakitenga kile wanachokiona, kile wanachokisia na kile kinachohitaji ushahidi zaidi. Zoezi hilo halihitaji mtambo wowote, na linawaandaa kwa wakati huu ambamo picha ya uongo hutengenezwa kwa kompyuta ndani ya dakika chache na kusambazwa kama ya kweli.

Vikwazo vya utekelezaji ni vya kweli, na cha kwanza ni lugha. Mafaili ya Kijerumani yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi, na ya Waingereza yamejaa Kiingereza cha kiofisi, ilhali somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingia katika mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, linafundishwa kwa Kiswahili. Tafsiri ni ya lazima, lakini si ya kila kitu, kwa sababu ziko nyaraka zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo: gazeti la Kiongozi lililotoka Tanga kuanzia mwaka 1904, gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, pamoja na barua na tenzi za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Aina hii ya mwisho ina fursa ambayo haijatumiwa ipasavyo, kwa kuwa maelfu ya watoto wa Unguja, Pemba, Mombasa, Tanga na Kilwa wamejifunza kuzisoma herufi hizo chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na wakionyeshwa namna zilivyotumiwa kuandika Kiswahili wanaweza kuusoma mswada ambao profesa wa Ulaya huhitaji miaka ya mafunzo kuufikia. Mwanafunzi wa namna hiyo huingia katika somo la historia akiwa na ujuzi ambao shule haikumpa na ambao kwa kawaida haimhesabii.

Kikwazo cha pili ni vifaa, nacho mara nyingi hukuzwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, umeme hukatika, na wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Lakini waraka wa kidijitali hauhitaji kusomwa kwenye skrini na kila mwanafunzi. Mwalimu mmoja akishaupakua, nakala kumi za karatasi zinatosha darasa la wanafunzi hamsini waliokaa watano watano, na nakala hizo zikitunzwa katika jalada zinatumika mwaka baada ya mwaka. Kuupakua huko kuna sababu nyingine iliyo nzito. Mwezi Oktoba 2023 maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na mikusanyo yake ya kidijitali ikakosekana kwa miezi mingi. Historia ya Afrika Mashariki inayosomwa kupitia mitambo ya London, Berlin na Chicago tu inaweza kuzimwa na tukio ambalo Dar es Salaam haina uwezo wa kulizuia. Mpango wa busara ni Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa kushirikiana na Nyaraka za Taifa na idara za historia za vyuo vikuu, kuandaa mkusanyo mdogo wa nyaraka teule zilizotafsiriwa, zenye maelezo mafupi, zinazoweza kutunzwa shuleni bila intaneti.

Pingamizi lililo gumu zaidi halihusu vifaa bali kusudi la somo. Mtu anaweza kusema kwamba historia inayofundishwa pamoja na maadili inakusudiwa kujenga uzalendo, na kwamba kuwapa watoto nyaraka za wakoloni ni kuwapa wakoloni nafasi ya pili ya kuzungumza. Hofu hiyo ina msingi iwapo waraka utasomwa kwa kuaminiwa. Unaposomwa kwa kuhojiwa, mkoloni hujianika mwenyewe kwa namna ambayo hakuna mwandishi wa kitabu cha kiada anayeweza kumfanyia. Mwaka 1957 mwanasheria mkuu wa serikali ya kikoloni ya Kenya alimwandikia gavana barua kuhusu vipigo kambini, akishauri kwamba kama dhambi ni lazima itendwe, basi itendwe kimyakimya. Aliyeisoma barua hiyo hahitaji kuambiwa ukoloni ulikuwa na sura gani, na imani anayoipata kwa ushahidi haiyumbishwi na mtu anayekuja kumwambia kwamba wakoloni walileta reli na shule tu.

Yote hayo yatategemea mtihani, kwa sababu katika shule za Afrika Mashariki kisichotahiniwa hufundishwa kwa nadra. Mwalimu anayetumia kipindi kizima kwa ukurasa wa Msovero, huku jirani yake akimaliza mada tatu za kukariri, ataonekana mzembe siku ya matokeo, na hakuna semina itakayombadilisha maadamu swali la mwisho linataka sababu tano na athari tano. Mabadiliko yanayohitajika si makubwa: katika kila karatasi ya historia, Baraza la Mitihani liweke waraka mmoja mfupi ambao mwanafunzi hajawahi kuuona, wenye jina la mwandishi na tarehe, na limtake aeleze uliandikwa kwa ajili ya nani, unadai nini, unanyamazia nini, na ni waraka gani mwingine angeutafuta ili kuuthibitisha au kuupinga. Swali hilo lina gharama ya nusu ukurasa wa karatasi, lakini litawalazimisha waandishi wa vitabu, vyuo vya ualimu na makavazi yenyewe kujipanga upya kulifuata, na ndilo litakaloamua kama mamilioni ya kurasa zilizokwisha kuwekwa mtandaoni zitakuwa mali ya wanafunzi wa Msovero na Nyeri au zitaendelea kuwa mali ya watafiti wachache wanaojua zilipo.